Mwanafunzi Anapokuhudumia Hospitalini: Msimamizi Wake Yuko Wapi?

Mteja anayelazwa katika hospitali ya Murgwanza, ya Rulenge au ya Biharamulo asishangae akipimwa presha, akisafishwa kidonda au akitolewa damu ya vipimo na kijana ambaye bado yumo masomoni. Wilaya ya Ngara ina chuo chake cha uuguzi, kilichoko Murgwanza, mahali palipo pia na hospitali ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana. Vyuo vingine vya uuguzi, utabibu, maabara na famasi, vya ndani na vya nje ya mkoa, navyo huwapeleka wanafunzi wao hospitalini na katika vituo vya afya kwa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kazi ya kumhudumia mgonjwa haiwezi kumalizwa darasani.

Wako wananchi ambao, wakimwona kijana mwenye sare isiyofanana na ya wauguzi wengine, husema wazi, "Mimi sikuja hapa kujifunziwa." Wako wengine ambao hunyamaza kwa kuchelea kuonekana wakorofi, hata pale wanapochomwa sindano mara nne na mshipa usipatikane. Makala hii inawahusu wote hao. Kwa maoni yetu, kumwuliza anayekuhudumia kama ni mwanafunzi ni mwanzo tu. Linalofuata ndilo zito: je, yuko mtu mwenye leseni anayejua mwanafunzi huyu anafanya nini juu ya mwili wako, wakati uleule anapokifanya?

Kwa nini wanafunzi wapo wodini

Masomo ya astashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 2, na ya stashahada huchukua miaka 3. Akifaulu, mhitimu hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chombo kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndipo asajiliwe na kupewa leseni. Kabla ya hapo hawezi kumhudumia mgonjwa kwa dhamana yake mwenyewe. Kila anachokigusa hukigusa chini ya dhamana ya mwingine, na huyo mwingine ndiye tunayemwita msimamizi.

Baada ya leseni mambo hubadilika ghafla. Muuguzi huyu kijana anaweza kupangiwa zahanati ya kijijini, tuseme upande wa Murusagamba au wa Kalenge, na katika zamu yake ya kwanza ya usiku akajikuta ndiye mtaalamu pekee. Mama mwenye uchungu akibisha hodi saa 8 usiku, hakuna mkubwa wa kumwita kutoka wodi ya pili. Gari la wagonjwa lina safari ndefu, na mvua ikiwa imenyesha safari hiyo huwa ndefu zaidi. Kwa hiyo mwananchi anayemkataa kila mwanafunzi leo huenda akakutana na mmoja wao tena baada ya miaka michache, naye hajawahi kukishika kwa mikono yake kile ambacho usiku huo kinahitajika. Hiyo ndiyo sababu hatumshauri mtu yeyote awakatae wanafunzi wote kwa jumla. Tunachomshauri ni kudai wasimamiwe.

Funzo kutoka Haydom

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wakuu wa vyuo, hudhani kwamba anayefundishwa vizuri atatenda vizuri. Mfano wa hapa nchini unatuonya tusiamini hivyo kwa haraka.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutumia mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa: kumkausha, kumchangamsha, na ikibidi kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake. Taarifa ya hospitali 8 iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba baada ya mafunzo hayo vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walichunguza jambo moja zaidi. Waliona kwamba wahudumu waliopata mafunzo ya siku 1 walifanya vizuri zaidi walipopimwa kwa mwanasesere, ila walipokuwa mbele ya mtoto wa kweli utendaji wao haukubadilika.

Ndipo utaratibu ukageuzwa. Badala ya kutegemea siku hiyo moja, yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale penye kazi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Hao walikuwa wahudumu walioajiriwa, wenye uzoefu wao. Sembuse mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Usimamizi mzuri unavyofanya kazi

Mwanafunzi huwa na wasimamizi wa aina mbili. Wa kwanza ni mkufunzi wa chuo, ambaye huja wodini kwa nyakati fulani kuangalia maendeleo yake na kumpima. Wa pili ni muuguzi, mkunga, tabibu au mtaalamu wa maabara mwenye leseni, ambaye yuko kazini kila zamu. Huyu wa pili ndiye anayekuhusu zaidi wewe mgonjwa, kwa kuwa mkufunzi anaweza kuwa amesharudi chuoni wakati dripu yako inapovimbisha mkono.

Msimamizi anayeijua kazi yake huanza kwa kumwonyesha mwanafunzi, huku akieleza kila hatua. Kisha hufanya naye. Kisha humwacha afanye, yeye akiwa kando ya kitanda, mikono yake ikiwa tayari. Mwisho kabisa, na kwa shughuli ambazo mwanafunzi ameshathibitika kuzimudu, humwachia afanye akiwa mbali kidogo lakini ndani ya wodi, mahali anapoweza kuitwa na kufika mara moja. Kupima joto na presha hufika hatua hii mapema. Kumwekea mgonjwa damu, kumpa dawa za kupitia mshipani na kumzalisha mama ni mambo mengine kabisa, na hayo tunaona mwanafunzi asiachiwe peke yake hata kama yuko mwaka wa mwisho na mikono yake ni mizuri.

Chukua dawa ya mtoto. Kipimo chake hukokotolewa kwa uzito wa mtoto, na nukta moja ya desimali ikihama mahali pake, mtoto hupewa dozi mara kumi ya inayotakiwa, au sehemu yake ya kumi. Kosa hilo halionekani kwa macho, maana kilichomo ndani ya bomba la sindano ni maji yaleyale meupe. Linaonekana pale tu mtu wa pili anapokokotoa upya, akisoma jina lililoandikwa kwenye chupa na jina la mtoto, kabla sindano haijamgusa. Ukiwaona wawili wamesimama mezani wakisomeana namba kwa sauti, usione wanakuchelewesha.

Kabla ya kumkaribia mgonjwa, msimamizi makini humwuliza mwanafunzi maswali matatu: utafanya nini, kwa nini, na ukiona kitu gani utajua mambo yanakwenda kombo? Anayeshindwa kujibu la tatu hayuko tayari, hata kama la kwanza amelijibu bila kigugumizi. Kazi ikiisha, humpa mrejesho faraghani, mbali na kitanda. Jambo hili la faragha ni la usalama, mbali na adabu. Mwanafunzi anayekaripiwa mbele ya wagonjwa hujifunza upesi kuficha alichokosea, na kosa lililofichwa ndilo linalomdhuru mgonjwa saa tatu baadaye, wakati hakuna anayejua chanzo.

Tusifiche upande wa pili. Wauguzi ni wachache, na wodi iliyojaa inaweza kuwa mikononi mwa muuguzi mmoja usiku kucha. Hapo wanafunzi hugeuka kuwa mikono ya bure: wanatandika vitanda, wanapeleka sampuli, wanagawa dawa, na hakuna anayewafundisha kitu. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, ambacho msimamizi anatakiwa kutia saini kwa kila shughuli aliyoiona ikifanyika, husainiwa kurasa nzima kwa mkupuo siku ya mwisho. Saini ya namna hiyo ni cheti cha jambo lisilojulikana. Uchache wa watumishi ni kweli tupu, lakini dawa yake haiwezi kuwa kumwachia mwanafunzi wodi. Hospitali ikizidiwa, ni afadhali ipokee wanafunzi wachache ambao itawatazama.

Biharamulo na homa isiyojulikana

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na wilaya iliyokumbwa ilikuwa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika, Machi 13 mwaka huohuo, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliodhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki dunia. Miaka 2 kabla ya hapo, Machi 2023, ugonjwa huohuo ulizuka katika wilaya ya Bukoba, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Marburg huanza kama malaria: homa kali, maumivu ya kichwa, mwili kuchoka, kisha kutapika na kuharisha. Asiye na uzoefu hana njia ya kuitambua siku ya kwanza. Ndiyo maana katika wilaya hizi, zilizo karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi na kwenye barabara kuu inayopita Rusumo na Nyakanazi, usimamizi wa mwanafunzi haumlindi mgonjwa peke yake. Unamlinda mwanafunzi mwenyewe, wenzake wa bwenini, na mama yake atakayemtembelea likizo. Msimamizi ndiye anayeamua nani aingie kumwona mgonjwa mwenye dalili za shaka na nani abaki nje, na kwa maoni yetu mwanafunzi abaki nje.

Sehemu ya kinga hiyo unaweza kuiona ukiwa kitandani. Mikono huoshwa au hupakwa kitakasa mikono kabla ya kukugusa na baada ya kukugusa. Glavu zilizotumika kwa jirani yako haziji kwako. Ukiona mwanafunzi anapita kitanda hadi kitanda na glavu zilezile, mwambie bila kumfokea, au mwite anayemsimamia.

Mwanafunzi akijichoma kwa sindano iliyokwisha kukuchoma wewe, unaweza kuombwa ridhaa ya kupimwa VVU na homa ya ini. Ombi hilo si tuhuma. Dawa kinga dhidi ya VVU inapaswa kuanzwa mapema kadiri iwezekanavyo, na isizidi saa 72. Majibu yako humsaidia daktari kuamua. Majibu hayo ni siri, na Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri huo.

Unachoweza kukidai ukiwa kitandani

La kwanza ni kujua anayekugusa ni nani. Mwanafunzi anapaswa kujitambulisha kwa jina, kusema kuwa ni mwanafunzi, kueleza anachotaka kufanya na kutaja anayemsimamia. Kwa maneno ya kawaida huwa hivi: "Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Naomba nikupime presha. Nesi yule aliyeko mezani ndiye anayenisimamia." Na bibi anaweza kujibu, "Marahaba mwanangu, nipime, ila nesi mwenyewe apite aone kama umepata sawa." Hakuna ukorofi hapo.

Ridhaa huombwa kwa lugha inayoeleweka. Wazee wengi wa Ngara huongea Kihangaza au Kishubi kwa wepesi zaidi kuliko Kiswahili, na Biharamulo utasikia pia Kisukuma. Mwanafunzi aliyetoka Tanga au Mtwara hazijui lugha hizo, na mzee anayeitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima hajaridhia kitu. Hapo atafutwe mtumishi anayeijua lugha, au ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Asitafutwe mgonjwa wa kitanda cha jirani, maana siri ya ugonjwa itafika kijijini kabla ya mgonjwa.

Unayo haki ya kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi kwa jambo fulani, na kukataa huko kusikupunguzie huduma. Kina mama wanaojifungua tunawakumbusha hili kwa mkazo. Kuchunguzwa njia ya uzazi na mwanafunzi, kisha na mwenzake, kisha na wa tatu kwa sababu kila mmoja anahitaji kuandika kitabuni, ni jambo ambalo mama anaweza kulizuia kwa neno moja. Anaweza pia kusema nani abaki chumbani na nani atoke. Kuhusu sindano ya dripu, ushauri wetu ni kwamba mwanafunzi akijaribu mara mbili akakosa mshipa, ampishe mwenye uzoefu. Ila kukiwa na dharura, mama anavuja damu au mtoto hapumui, maswali yangoje: mikono yote iliyopo inahitajika, na msimamizi ndiye anayeigawia kazi.

Kupiga picha ni jambo linalotusumbua. Mwanafunzi hana ruhusa ya kupiga picha kidonda chako au mtoto wako na kuituma kwenye kundi la darasa lake bila ridhaa yako, hata kama uso hauonekani. Taarifa za afya zimo katika ulinzi wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na wewe, au ndugu anayekuuguza, msimrekodi mwanafunzi aliyekosea na kumrusha mitandaoni. Mtakuwa mmewarekodi na wagonjwa waliolala nyuma yake.

Wale usiowaona

Mwanafunzi wa maabara, wa famasi au wa mionzi hakai nawe kitandani, na pengine hutajua kama ni yeye aliyekuhudumia. Lakini kosa lake lina uzito uleule. Damu ikiwekwa kwenye chupa ikaandikwa jina baadaye, mezani, pamoja na chupa nyingine sita, majibu yako yanaweza kuwa ya mwingine. Kwa hiyo usiondoke kwenye kiti kabla hujaona jina lako limeandikwa kwenye chupa, na lisome mwenyewe au umwombe akusomee. Kwenye darubini, kioo alichosoma mwanafunzi hurudiwa na mtaalamu kabla majibu hayajatolewa. Una haki ya kuuliza kama yamerudiwa. Dirishani pa dawa, mwanafunzi akikukabidhi pakiti bila maelezo, mwombe akueleze vidonge vingapi, mara ngapi, kabla au baada ya chakula, na kama mfamasia au mteknolojia wa dawa ameviangalia. Mama mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kupigwa picha ya mionzi, hata asipoulizwa.

Pa kupeleka malalamiko

Anza na muuguzi mfawidhi wa wodi, siku hiyohiyo. Mengi huishia hapo, tena kwa faida, kwa kuwa mwanafunzi angali yupo na anaweza kurekebishwa. Usiporidhika, mwone mganga mfawidhi wa kituo au uongozi wa hospitali, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Jambo likihusu mwenendo wa muuguzi au mkunga mwenye leseni, yaani msimamizi aliyetelekeza wajibu wake, linaweza kufikishwa kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Madaktari na matabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na wafamasia chini ya Baraza la Famasi. Mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa hana leseni, huwajibishwa kupitia chuo chake na hospitali iliyompokea.

Andika tarehe, wodi, zamu ya asubuhi, ya jioni au ya usiku, kilichofanyika, na kama kulikuwa na msimamizi karibu au hapakuwa na mtu. Jina la mwanafunzi likikushinda kukumbuka, taja rangi ya sare yake. Fanya hivyo ndani ya siku chache, kwa sababu wanafunzi hubadilishwa wodi kila baada ya muda mfupi, na barua inayochelewa huweza kufunguliwa wakati yule inayemhusu ameshapanda basi kurudi chuoni.